Karatasi Niliyosema Siikumbuki

Siku mliponiaga, Mkurugenzi wetu Nassor alisimama mbele yenu na kipande cha keki mkononi, akasema katika miaka yote niliyofanya kazi pale ofisini hapakupotea hata sindano. Mkapiga makofi. Swaleh akapiga mbinja, Rehema akanikumbatia mpaka miwani ikaniruka. Kisha Amina wa mapokezi akanambia, "Bibi, tuandikie basi. Kazi uliifanyaje miaka yote hiyo, tupate kujifunza?" Nikacheka. Nikaenda nyumbani sijaila hiyo keki.

Haya Amina, nimeandika. Mjukuu wangu ananisahihishia pale herufi zinapopandana, lakini maneno nimemkataza kuyagusa. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, nikahitimu, na skuli nikafika darasa la nne, basi. Kiswahili nasoma polepole. Kizungu sisomi, isipokuwa majina ya watu, maana jina ni jina kwa lugha yoyote.

Nilikuja kazini baada ya kufiwa na mume wangu. Marehemu Bi Khadija, mamake Nassor, alikuwa jirani yangu Mji wa Kale, ukuta wake na wangu ni mmoja. Akamwambia mwanawe, "Wewe una ofisi ya kompyuta huko Ganjoni, na mamako Mwanaisha amekaa ndani anatazama dari. Mpe kazi." Nassor hakuweza kumwambia mamake hapana. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikakaa kwenye ngazi na buibui langu jipya, mpaka akaja mzee mmoja mwembamba na shada la funguo. Huyo ndiye Mzee Kazungu, tarishi wa ofisi, mtu wa Kaloleni. Swaleh na Rehema wanamkumbuka, nyinyi wengine hamkumkuta.

Akanitazama. "Wewe ndiye mama wa chai?"

"Ndiye."

"Chai unaijua?"

"Chai nani asiyeijua?"

"Hapa hakuna chai, mama. Hapa kuna chai kumi na moja."

Na kweli zilikuwa kumi na moja. Nassor alitaka tangawizi bila sukari. Bwana Mwakio alitaka maziwa matupu yaliyopitishwa tu karibu na majani. Rehema, rangi nyeusi na karafuu moja, si mbili. Swaleh, vijiko vinne vya sukari, na mpaka ninaondoka ni vinne, na daktari ameshasema. Kazungu hakuniandikia. Alinitajia mara moja, kila jina na kikombe chake, akasema, "Ukimpa mtu chai ya mwenzake, umemwambia hujamjua." Siku ya tatu sikukosea hata kimoja. Watu wakaanza kusema Bi Mwanaisha ana kichwa. Nikakipenda hicho kichwa kuliko ilivyofaa.

Baada ya chai akanifunza printa. Namna ya kufungua ubavu wake ikikwama, kuvuta karatasi kwa mikono miwili isichanike, na kutogusa lile pipa la wino kwa mkono ulio na maji. Na akanipa sheria mbili. Karatasi ikitoka ina mwenyewe: soma jina, mpelekee mkononi, usimwachie mezani. Na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu usiitupe mpaka mwenyewe akwambie. Mzee Kazungu alistaafu, akarudi kwao, akafa huko. Sheria zake nilizishika vizuri sana mpaka siku zilipokuwa na kazi.

Nyinyi wapya hamjui kwamba zamani Nassor hakusoma barua pepe kwenye kioo. Alisema macho yanamuwasha. Ya maana ilichapishwa, mimi nikampelekea, naye akaandika pembeni kwa kalamu ya kijani, "Nimeona," au "Ndiyo," au "Hapana," akatia sahihi, nami nikaitia kwenye faili. Swaleh alikuwa akisema ofisi yetu ndiyo pekee Mombasa ambayo barua pepe hupanda ngazi kwa miguu. Miguu yenyewe ilikuwa yangu.

Basi akaja Mwende. Mwende Mutua, msichana wa Kitui, fundi wa programu, mrefu, mikono haikai. Siku ya kwanza aliniambia, "Nyanya, lete chai." Nikamwambia, "Huku kwetu, mwanangu, chai huombwa, hailetwi kama mzigo wa bandarini." Akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo alikuwa akipiga hodi jikoni na kusema, "Naomba, tafadhali, kama hutojali, na Mungu akubariki, chai." Nilimpenda. Lakini nilimpenda kama mgeni, mtu wa bara aliyekuja kazi na atakwenda zake. Hilo wakati ule sikulijua.

Wakati huo kampuni ilikuwa imetengeneza ile programu ya zahanati, ambayo mgonjwa akifika, jina lake likiandikwa, faili lake lote linafunguka: maradhi yake, dawa zake. Zahanati nyingi za mjini zilikuwa zimeichukua. Siku moja printa imekwama, mimi nimeifungua ubavu, Mwende amesimama anangoja kurasa zake.

"Nyanya," akasema, "mtaani kwenu kuna Fatma Omar wangapi?"

"Walio hai, au na waliotangulia?"

"Walio hai, Nyanya!"

"Niwajuao mimi ni watano. Kuna Fatma Omar Mwalimu. Kuna Fatma Omar Kishoka, kwa ajili ya ule ulimi. Kuna Fatma Omar wa mlango mwekundu, kuna mke wa Abubakar, na kuna yule wa Bondeni, fundi cherehani, anayenishonea mabuibui."

"Sasa mashine yetu, wakiwa wawili wamezaliwa mwaka mmoja, inaona ni mtu mmoja. Inachanganya mafaili. Dawa za huyu zinaandikwa kwa yule."

"Haina lakabu?"

"Haina."

"Basi ni jinga."

"Ndiyo, nimemwandikia Mkurugenzi hivyo," akasema, "ila kwa Kizungu cha adabu. Nimemwomba tuisimamishe mpaka niirekebishe, na kila mgonjwa aandikwe na nambari ya kitambulisho."

Nikazichukua kurasa, nikampelekea Nassor mkononi. Akasoma, akaandika kwa kijani, akanirudishia nitie kwenye faili. "Mtoto wa watu ana wasiwasi huyu, Mama," akaniambia. Ikaja barua ya pili. Ikaja na ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa na orodha ya majina, mawili mawili, ya watu ambao mashine ilikuwa imeshawachanganya. Nassor akaandika juu yake, "Nimeona. Tuendelee kwanza." Nilipokuwa nikiitia kwenye faili nikaisoma ile orodha, maana majina nayaweza. Katikati ya ukurasa palikuwa na Fatma Omar na Fatma Omar. Mitaa imeandikwa. Mmoja alikuwa Fatma mwalimu, ambaye ana sukari tangu ujana. Wa pili alikuwa Fatma wangu wa Bondeni.

Ningeweza kushuka ngazi. Ganjoni na Bondeni si safari. Ningemwambia, "Fatma, ukienda zahanati, vidonge watakavyokupa waulize mara mbili." Sikwenda. Nilijiambia mambo ya ofisi hayatoki ofisini, na kwamba Mkurugenzi ameshaona, na mwenye kuona ndiye mwenye kujua. Nikafunga faili, nikaenda kukosha vikombe.

Haukupita mwezi. Fatma alikwenda zahanati kwa kichwa kinachomuuma. Kijana wa dawa alitazama kioo chake, kioo kikamwambia huyu mama ni mgonjwa wa sukari na vidonge vyake vimekwisha. Akampa. Fatma si mtu wa kuuliza, na mwenye koti jeupe akisema meza, humeza. Wamemkuta ameanguka juu ya cherehani, sukari imeshuka mpaka mwisho. Alilala hospitali siku nyingi. Akaamka, alhamdulillahi, lakini maneno hayakuamka yote, na mkono wa kulia haushiki sindano. Tulikwenda kumtazama, kina mama watano. Akanitazama usoni, midomo ikataka kusema jina langu, ikazunguka, ikazunguka, isilipate. Binti yake akamwambia, "Ni Bi Mwanaisha, mama." Akatikisa kichwa akilia. Nami nikamshika ule mkono, nikasema, "Ni mipango ya Mungu." Nilimsingizia Mungu.

Siku ya pili yake Nassor aliniita chumbani, akanipa lile faili. "Mama, hili liondoe. Lipitishe kwenye mashine ya kukata." Sikuuliza. Nilikaa pale jikoni nikalikata karatasi moja moja. Nilipofika kwenye ile barua ya tatu, yenye orodha na wino wa kijani, nikaikunja nne, nikaitia kifuani. Msije mkadhani ni wema. Niliogopa. Nilijua mambo yakiharibika huanguka juu ya aliye chini, na ofisini hapakuwa na aliye chini kuliko mimi. Niliificha nipate kujikinga mwenyewe. Ikakaa nyumbani kati ya leso zangu, ndani ya ile ambayo sivai.

Ndugu zake Fatma walishtaki, wakaja maafisa wawili wa uchunguzi. Mwanamume aliitwa Barasa, mzito, anapanda ngazi kwa kuhema. Mwanamke aliitwa Chebet, sauti ndogo, macho hayapepesi. Walibeba kompyuta, walibeba masanduku ya karatasi, wakatia vibandiko kwenye milango. Mwende akasema, "Nimemwonya Mkurugenzi mara tatu kwa barua pepe." Nassor akasema, "Sijaona hata moja. Angeniandikia ningechapishiwa, utaratibu wangu unajulikana." Wakaitafuta ile kompyuta kubwa iliyokuwa ikihifadhi barua pepe zote, wakaambiwa iliungua kwa hitilafu ya umeme. Iliungua bila moshi. Chumba kile mimi ndiye niliyekuwa nikikifagia, na jivu sikuliona.

Asubuhi ya kuulizwa, Nassor alinifuata jikoni. Hakunitisha. Ingekuwa bora angenitisha. Aliniambia tu, "Mama, marehemu alikuwa akisema, mtu husitiri nyumba ya jirani yake kabla ya yake." Mnajua sisi na sitara. Aibu ya mwenzio ukiiona unaitupia leso. Bi Khadija mwenyewe alinisitiri mimi, kwa jambo ambalo sitaliandika hapa, na hakulitaja mpaka anaingia kaburini. Nikatoka jikoni nimeshaamua, na nikajiona mtu mwema.

Tulikaa sote kwenye kile chumba cha mikutano. Mwende alikuwa dirishani. Nassor amesimama mlangoni.

Chebet akasema, "Bibi, hii printa inakumbuka. Inakumbuka kwamba siku tatu tofauti kompyuta ya Mwende ilituma kurasa, na zilichapishwa. Haikumbuki zilikuwa zimeandikwa nini. Nani huchukua karatasi kwenye printa?"

"Mimi."

"Hizi ulimpelekea nani?"

"Sikumbuki."

Swaleh akacheka. Nakumbuka, Swaleh, ulicheka kwa sauti, ukasema, "Bibi, wewe?" Ulidhani nafanya mzaha. Kisha ukaniona uso, ukatazama viatu vyako.

Chebet akauliza tena, taratibu. "Hukumbuki kabisa?"

"Ni mambo mengi, mwanangu. Umri nao."

Akaandika, akanisomea nilichosema, akanipa kalamu. Nikatia sahihi yangu vizuri, kila herufi imekaa kwenye mstari. Mwende alikuwa ananitazama mimi, si karatasi.

Ikaisha hivyo. Ilisemekana hakuna ushahidi kwamba Mkurugenzi alijua. Mwende akaandikiwa barua ya kufukuzwa, kwamba aligundua kasoro akaificha, na barua hiyo ikamfuata kila alikoomba kazi. Zahanati nayo ikamfukuza yule kijana wa dawa. Jina lake Hamisi Tsuma, nyinyi hamkumjua.

Mwende alipokuja kuchukua vitu vyake alipiga hodi jikoni kama desturi yake. Hakuomba chai.

"Nyanya, siku ya kwanza nilipokuja hapa nilivaa nini?"

"Shati la samawati, kifungo cha pili hakipo, umekitia pini." Ulimi ulishatoka kabla sijaushika.

"Na zile karatasi zangu?"

Nikageukia sufuria. "Uzee, mwanangu."

Nikasikia maji yanachemka. Kisha akasema, "Haya Nyanya. Pole kwa uzee." Akashuka ngazi na kile kisanduku chake. Niliisikia kila hatua.

Miaka minne imepita tangu siku hiyo. Nimepika chai, nimefungua ubavu wa printa tatu zilizokufa mikononi mwangu, nimewafunza nyinyi wapya kusoma jina juu ya karatasi. Fatma nilikuwa nikimpelekea mkate wa sinia kila Ijumaa, na binti yake ananiita mama mwenye huruma. Kuna watu wanaosema aibu hupungua. Yangu ilijifunza njia ya nyumbani. Nikifungua sanduku la leso, napitisha mkono pembeni.

Kisha mkaniaga, na Nassor akasema ile ya sindano, na nyinyi mkapiga makofi. Asubuhi yake nikavaa, nikaichukua ile karatasi, nikaenda ofisini kwa Bi Chebet. Nilimkuta amepanda cheo, ana meza kubwa. Alinikumbuka.

"Bibi, wewe uliniambia hukumbuki."

"Nilikudanganya."

Hakunisifu, wala hakunigombeza. Alivaa glavu, akaitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, akaanza. Nani alikupa? Siku gani ya wiki? Uliiweka wapi? Nani mwingine ameigusa? Mwandiko huu wa kijani unaujuaje? Karatasi ile moja iliulizwa maswali mengi kuliko niliyoulizwa mimi nilipoolewa. Mwisho akaniambia kesi itafunguliwa upya, na kwamba nami huenda nikashtakiwa kwa kusema uongo. Nikamwambia haya.

Nassor alikuja nyumbani jioni ya tatu. Alivua viatu mlangoni kama alivyofunzwa na mamake. Nikampa chai yake, tangawizi bila sukari. Hakuigusa.

"Mama, sitara iko wapi?"

"Nilikusitiri wewe kwa nguo ya mtoto wa watu," nikamwambia. "Nilimvua yeye nikakufunika."

"Mimi ni mwanao."

"Ndiyo, na kwa sababu hiyo nimechelewa miaka minne."

Akasimama. Sauti yake haikupanda. "Wakili ameshaniambia, Mama. Atasema wewe ni mzee, unasahau, unachanganya. Karatasi yoyote mtu anaweza kuitia wino wa kijani. Na kwamba hukumbuki mwenyewe ulishasema, ukatia sahihi."

Ni kweli. Sahihi yangu ipo. Nilipotia sahihi kwamba sikumbuki, niliuvunja ushahidi wa Mwende mara mbili: siku ile, na leo ninapotaka kuusimamisha.

Rehema alinipatia nambari ya simu ya Mwende. Sasa anatengeneza simu kwenye kibanda huko Kitui.

"Nani?"

"Mwanaisha. Wa chai."

Nikasikia gari linapita kwake. "Umekumbuka, Nyanya?"

"Sikusahau hata siku moja."

Nikamweleza yote, mpaka lile la Bondeni ambalo hakulijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Asante sisemi," akasema.

"Usiseme."

"Watakuamini?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Nyinyi wote mtaitwa. Swaleh, Rehema, na wewe Amina ambaye hukuwapo lakini umekaa nami miaka miwili. Wakili atawauliza kwa upole kama bibi wa chai alikuwa akisahau. Najua mnakula kwa Nassor, na mimi nimekula hapo hapo. Najua pia mnanipenda, na hilo ndilo naliogopa zaidi, maana mtu anayenipenda atataka kusema, "Mzee wa watu, alichanganyikiwa tu, mwacheni." Mkisema hivyo mimi nitakwenda nyumbani kulala, na Mwende ataendelea kutengeneza simu za watu.

Waambieni vikombe vyenu. Waambieni tarehe za kuzaliwa za watoto wenu ambazo nilizijua kabla ya waume zenu. Waambieni Mwanaisha alikuwa na akili zake timamu siku ile, alizijua karatasi na aliyepelekewa, na akadanganya. Mkinihurumia mbele ya hakimu, sitawasamehe.